Kengele ya Moshi: Ilivyozaliwa na Inavyonyamazishwa

Leo tutazungumzia kifaa kidogo cha mviringo, ukubwa wake kama kisahani cha chai, ambacho hufungwa darini na kazi yake ni moja tu: kupiga kelele. Hiyo ni kengele ya moshi. Huenda umeiona hotelini, bwenini, ama kwenye nyumba za kupangisha zinazojengwa siku hizi mjini. Huenda hata unayo nyumbani kwako. Kama unayo, hebu inua macho uitazame. Je, ina betri?

Swali hilo la betri ndilo litakalotushughulisha. Historia ya kengele ya moshi ni historia ya ajabu kidogo, kwa sababu wavumbuzi walimaliza sehemu kubwa ya kazi yao kabla ya mwaka 1980. Tangu wakati huo, shida iliyobaki si ya maabara tena. Ni shida ya chapati zinazotoa moshi siku ya Jumapili, ya vumbi, ya buibui, na ya baba mwenye nyumba anayepanda juu ya kiti usiku wa manane kutoa betri ili alale. Watu wengi wamekufa chini ya kengele nzima isiyo na betri.

Lakini kwanza, mtu anaweza kuuliza: kengele ya nini, nami nina pua? Pua hulala, msikilizaji. Mtu aliye macho husikia harufu ya kitu kinachoungua mara moja, lakini aliyelala fofofo harufu hiyo aghalabu haimwamshi. Sikio ndilo linalobaki zamu usiku. Tena wengi wanaokufa katika moto wa nyumbani hawauawi na ndimi za moto. Huuawa na moshi, mara nyingi kabla moto wenyewe haujafika chumbani mwao. Ndani ya moshi mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu ikishajaa gesi hiyo haina nafasi ya kubeba hewa njema, na ubongo huanza kuzimika. Mtu akijaribu kuinuka, miguu haimtii. Godoro la sponji na viti vya sofa vikishika moto huongeza sumu nyingine, sainaidi, juu ya hiyo.

Kwa hiyo muda ndio dawa, na muda huo ni wa dakika chache.

Watu wa kwanza waliotaka mashine iwaamshe hawakufikiria moshi. Walifikiria joto. Mwaka 1890 huko Marekani, Francis Robbins Upton, mwanahisabati aliyefanya kazi pamoja na Thomas Edison, alipata hataza akiwa na mwenzake Fernando Dibble ya kengele ya moto inayotumia umeme. Mwaka 1902 George Andrew Darby wa mji wa Birmingham, Uingereza, naye akapata hataza ya kifaa cha kutambua joto. Wazo lilikuwa jema: joto likipanda, waya huungana, kengele hulia. Kasoro yake ni kwamba joto huchelewa. Vifaa vingi vya namna hii husubiri hewa ya darini ifike nyuzi 57 hivi ndipo vilie. Kufikia hapo aliyelala chumba cha pili amekwisha kuvuta moshi wa kumtosha. Basi kwa miaka mingi vifaa vya joto vilifaa kuokoa maghala na viwanda kuliko kuokoa watoto waliolala.

Moshi uligunduliwa kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mwanafizikia wa Uswisi aitwaye Walter Jaeger alikuwa akitafuta njia ya kutambua gesi ya sumu. Watu wa Ulaya walikuwa bado wanakumbuka gesi zilizotumiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na vita vingine vilikuwa vinanukia. Jaeger alitengeneza kifaa chenye vibamba viwili vya chuma, na kati yake hewa iliyotiwa chaji ya umeme kwa mionzi. Hewa ya namna hiyo hupitisha mkondo mdogo sana wa umeme. Yeye alitarajia kwamba gesi ikiingia, mkondo utabadilika. Gesi ikaingia, mshale wa mita usitikisike. Inasimuliwa kwamba alivunjika moyo, akawasha sigara, na mara mshale ukashuka. Chembe za moshi wa sigara zilikuwa zimefanya kile ambacho gesi ilishindwa kufanya.

Maelezo yake ni rahisi. Hewa iliyotiwa chaji ina vijipande vidogo mno viitwavyo ayoni, na hivyo ndivyo vinavyobeba umeme kutoka kibamba kimoja hadi kingine. Chembe za moshi zikiingia hunasa zile ayoni, kama matope yanavyonasa miguu ya wapita njia. Mkondo unapungua, na kupungua huko ndiko kunakoamsha kengele. Kengele nyingine bado hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo.

Mwenzake Jaeger, Ernst Meili, aliendeleza kazi hiyo kwa kutafuta njia ya kukuza ishara ile ndogo hadi iweze kupiga kengele. Mwaka 1941 kampuni iitwayo Cerberus ilianzishwa katika mji wa Bad Ragaz, Uswisi. Jina hilo ni la mbwa mwenye vichwa vitatu katika hadithi za kale za Wagiriki, mlinzi asiyelala. Hata hivyo, mlinzi huyu alikuwa ghali. Alitaka nyaya nyingi na umeme wa nguvu kubwa, kwa hiyo alilinda viwanda, hoteli na majengo makubwa. Mwananchi wa kawaida hakuwa na lake.

Hapa nataka kusema neno juu ya ile mionzi, maana huwatia watu hofu. Kengele za mwanzo zilitumia radi. Baadaye kukaja amerisiamu, elementi iliyotengenezwa na kikundi cha Glenn Seaborg nchini Marekani mwaka 1944. Sisi watu wa redio tunalo la kujivunia: habari ya elementi hiyo ilitoka kwanza redioni, tena kwenye kipindi cha watoto kiitwacho Quiz Kids, tarehe 11 Novemba 1945, pale Seaborg alipoulizwa kama kuna elementi mpya zilizopatikana, naye akasema ziko. Wanasayansi wenzake walitangaziwa rasmi baadaye. Kiasi kinachotiwa kwenye kengele moja ni kidogo sana, na mionzi yake huzuiwa hata na karatasi. Haimdhuru aliyelala chini yake. Ila usiifungue ile chemba ya ndani, usiichome, wala usiwape watoto wachezee kengele iliyoharibika.

Kengele ilishuka kutoka viwandani hadi nyumbani kwa sababu ya mtu mwingine na sigara nyingine. Duane Pearsall alikuwa na kampuni ndogo huko Colorado, Marekani, iliyoitwa Statitrol. Mnamo mwaka 1963 walikuwa wakitengeneza mashine ya kuondoa umeme tuli katika vyumba vya kusafishia picha. Mita yao ilikuwa ikiyumba bila sababu, hadi walipotambua kwamba huyumba fundi mmoja anapovuta sigara karibu. Kufikia mwaka 1965, Pearsall na Stanley Peterson walikuwa wamebuni kengele ndogo ya moshi inayotumia betri, ambayo mtu yeyote anaweza kuinunua na kuifunga mwenyewe bila fundi wa stima. Wakati uo huo serikali ya Marekani ilikuwa imeanza, mwaka 1963, kutoa vibali vya kuuza kengele zenye kiasi hicho kidogo cha mionzi. Viwanda vilipoanza kuzitoa kwa wingi miaka ya 1970, bei ilianguka.

Pia kukawa na aina ya pili, inayotumia mwanga. Ndani yake mna taa ndogo na jicho lililowekwa kando, lisiloiona taa hiyo. Moshi ukiingia hutawanya mwanga, jicho linauona, kengele inalia. Ile ya mionzi huwahi zaidi moto unaowaka kwa ndimi, kama wa karatasi au mafuta. Ile ya mwanga huwahi moto wa kufukuta, kama sigara iliyoanguka kwenye kiti cha sofa na kukaa inatoa moshi saa nzima. Vilevile ile ya mwanga haisumbuliwi sana na moshi wa kukaanga, na kwa jambo hilo mimi huiona inafaa zaidi kwa nyumba ndogo ambamo jiko na kitanda havipishani mbali.

Palibaki shaka: je, kweli kengele hizi zinawahi? Basi katikati ya miaka ya 1970 wachunguzi wa Marekani walipata nyumba zilizokuwa zinangoja kubomolewa katika eneo la Indiana Dunes, kando ya Ziwa Michigan. Wakaweka ndani yake viti, magodoro na kengele za kila aina, kisha wakawasha moto ndani yake huku wakipima saa. Matokeo yalikuwa wazi. Kengele za moshi ziliwahi kuliko vifaa vya joto, na kengele moja katika kila ghorofa ilimpa mtu muda wa kutoka. Mashauri mengi yanayochapishwa nyuma ya boksi la kengele hadi leo yalitoka katika zile nyumba.

Serikali, miji na kampuni za bima zikaanza kuzidai. Mwaka 1977 watu karibu 6,000 walikufa nchini Marekani katika moto wa nyumbani. Miaka thelathini baadaye idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa kama nusu, ingawa watu walikuwa wameongezeka. Siyo kengele peke yake iliyofanya hivyo. Uvutaji sigara ulipungua, na nyaya za umeme zikawa bora. Lakini takwimu zao zimerudia jambo moja mwaka baada ya mwaka: kama vifo vitatu katika kila vitano hutokea katika nyumba zisizo na kengele, au zenye kengele isiyofanya kazi.

Jambo moja linafaa kutiliwa maanani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 majaribio yalirudiwa na taasisi ya serikali ya Marekani inayohusika na vipimo, kwa samani za kisasa. Katika miaka ya 1970, mtu alikuwa na kama dakika 17 kutoka kengele ilipolia katika moto wa ndimi hadi nyumba ikawa haikaliki. Ripoti ya mwaka 2004 ilisema muda huo sasa ni kama dakika 3. Kengele haikuwa imeharibika. Ni viti na magodoro yetu yaliyobadilika: sponji na plastiki huwaka upesi kuliko pamba na mbao.

Sasa tuje kwenye betri. Mwaka 1990 katika jiji la Oklahoma, Marekani, wahudumu wa afya waligawa kengele 10,100 bure katika mtaa uliokuwa na majeruhi wengi wa moto. Katika miaka minne iliyofuata kiwango cha watu walioumia kwa moto katika eneo hilo kilipungua kwa asilimia 80. Watu wakafurahi, wakasema tumepata dawa. Jiji la London likajaribu pia, safari hii kwa utafiti uliopangwa kwa uangalifu sana: kengele zipatazo 20,000 zikagawiwa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Majeruhi hawakupungua. Sababu iliyotolewa ni kwamba kengele chache mno zilifungwa na kutunzwa.

Utafiti mwingine wa London uliotolewa mwaka uo huo ulikwenda hatua moja mbele, kwa kuwafungia watu kengele darini kabisa. Baada ya miezi 15 wachunguzi walirudi kuzijaribu. Karibu nusu hazikufanya kazi. Nyingi hazikuwa na betri, na nyingine zilikuwa zimeng'olewa kabisa. Wenye nyumba hao hawakuwa wajinga wala wazembe. Waliishi katika nyumba ndogo, kengele iko hatua chache kutoka jikoni, inalia kila mkate unapoungua. Ukiamshwa mara kumi kwa bure, mara ya kumi na moja utaitoa betri.

Kwa hiyo, msikilizaji, mtu anayejua kunyamazisha kengele kwa njia iliyo sahihi ndiye atakayekuwa nayo siku ya moto. Tuseme kengele yako inalia ovyo. Jambo la kwanza ni kuisikiliza vizuri, kwa maana ina lugha mbili. Kilio kikubwa kinachorudiwa bila kukoma, katika kengele nyingi za kisasa milio mitatu kisha kimya kifupi, maana yake imeona moshi au kitu inachodhani ni moshi. Lakini mlio mmoja mfupi, "tii", kama wa kifaranga, unaokuja kila baada ya nusu dakika au dakika moja, hauhusu moto. Unasema betri inakwisha. Mara nyingi utaanza saa tisa au saa kumi usiku, na watu hudhani ni mashetani. Sababu ni baridi: betri iliyochoka hupoteza nguvu zaidi kunapopoa alfajiri, na jua likitoka hupata nguvu kidogo na mlio kukoma. Usidanganyike kwamba imepona.

Tia betri mpya, ya aina ile iliyoandikwa ndani ya kifuniko. Nyingi hutumia ile ya mraba ya volti 9, nyingine zile ndogo za kawaida tunazotia kwenye rimoti. Hizi za rimoti ndizo zenye majaribu, kwani jioni ya mpira rimoti ikizimika, mkono huenda moja kwa moja darini. Betri ikiisha kuingia, bonyeza kitufe cha majaribio hadi usikie kilio kamili. Kama mlio wa kifaranga unaendelea na betri ni mpya, hakikisha vichwa vya betri vimegusa vyuma vyake na havina kutu, na kwamba kifuniko kimefungika. Ukiona yote ni sawa, geuza kengele usome tarehe ya kutengenezwa iliyochapishwa mgongoni. Kengele ya moshi huzeeka. Ikifika miaka 10 tangu ilipotengenezwa, ndani yake mmejaa vumbi na vipuri vimechoka, na hakuna betri itakayoirudishia ujana. Nunua nyingine. Tangu miaka ya 1990 kuna zenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani, idumuyo hiyo miaka 10, na kama unaweza kupata hiyo, itakuondolea vishawishi vingi.

Kama ni kile kilio kikubwa kisicho na moto, kwanza hakikisha kweli hakuna moto. Zunguka nyumba yote. Kisha chunguza mahali ilipofungwa. Kengele ifungwe mita 3 au zaidi kutoka jiko, na isiwe karibu na mlango wa bafu, kwani mvuke huiingia na kuidanganya. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo huweza kuiamsha ukiipuliza karibu. Wadudu wadogo na buibui hupenda kujenga ndani yake. Kila baada ya miezi michache chukua brashi laini, ile ya rangi isiyowahi kutumiwa, uyafagie matundu yake pande zote. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, ni bora zaidi. Usiioshe kwa maji, na fundi anapokuja kupaka rangi dari mwambie aishushe kwanza. Nimeona kengele nyingi zilizopakwa rangi nyeupe pamoja na dari, matundu yameziba kabisa, zinapendeza macho na hazifai kitu.

Kengele nyingine zina kitufe cha kutuliza, kinachoinyamazisha kwa dakika chache wakati wa kupika, kisha inarudi kazini yenyewe. Kitumie hicho. Kama hakuna, ipepee kwa gazeti na ufungue madirisha. Kengele iliyounganishwa na stima ya nyumba nayo inahitaji betri ya akiba, maana usiku stima ikipotea ndio usiku wa mishumaa.

Wasikilizaji wengi, hasa wa mashambani, watasema: nyumba yangu haina dari, ni mabati, na jiko ni mafigo matatu. Ni kweli, na hapo ni lazima tuseme wazi kwamba kengele hizi hazikubuniwa kwa nyumba kama hiyo. Nyingi zimetengenezwa kwa sehemu zisizopita nyuzi joto 38 hivi, na chini ya mabati mchana wa jua kali joto huvuka hapo. Moshi wa kuni nao utailiza kutwa. Ukiwa na nyumba ya mabati ambayo jiko lake liko kando, iweke katika chumba cha kulala, chini kidogo ya kilele cha paa. Usiifunge kwenye kona kabisa ya juu, ambako hewa hukwama.

Kwa mitaa ya vibanda, watu wamerudi kwenye wazo la zamani. Tarehe 1 Januari 2013 moto mkubwa ulichoma makao ya maelfu ya watu huko Khayelitsha, Cape Town, nchini Afrika Kusini. Baada ya hapo vijana wa Chuo Kikuu cha Cape Town walibuni kifaa kiitwacho Lumkani, ambacho hakijali moshi wa kupikia. Hupima jinsi joto linavyopanda ghafla, na kikilia huwapigia mbiu majirani kwa mawimbi ya redio, vibanda vyao vilie pia. Katikati ya miaka ya 2010 Msalaba Mwekundu wa Kenya ulikijaribu huku kwetu, katika mtaa wa Mukuru, Nairobi. Upton na Dibble, wale wa 1890, wangelitambua wazo lao. Joto linachelewa, ndiyo, lakini mahali ambapo kibanda kimoja huambukiza mia, jirani wa kumi anapata dakika ambazo hakuwa nazo.

Kuna jambo moja ambalo kengele ya moshi haliwezi, na hapa kwetu ndilo linaloua kimyakimya kila msimu wa baridi. Haitambui ile gesi ya kaboni monoksaidi ikitoka bila moshi. Jiko la makaa lililokolea halitoi moshi, na wenye nyumba huliingiza chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Kengele itakaa kimya juu yao hadi asubuhi. Kuna kengele nyingine mahususi kwa gesi hiyo, na zinauzwa. Milio yake huwa minne badala ya mitatu. Lakini dawa ya hakika ni kulitoa jiko nje kabla ya kulala. Wala kengele ya moshi hainusi gesi ya kupikia inayovuja kwenye mtungi.

Halafu kuna mlango. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, usiku wakiwa wamelala. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa nje na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024 watoto 21 wakafa katika moto wa bweni huko Endarasha, Nyeri. Wizara ya Elimu ilikuwa imetoa mwongozo wa usalama tangu 2008, unaotaka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Naitaja mikasa hiyo kwa sababu nyumba zetu za mjini zimejaa vyuma na makufuli vivyo hivyo. Kengele inampa mtu dakika tatu. Ufunguo wa kufuli la ndani ukiwa umewekwa mahali panapojulikana na mama peke yake, dakika hizo zitaisha mnatafuta. Utundikeni karibu na mlango, mtoto aufikie, mwizi asiufikie.

Kama una kengele, nakupa kazi ya wiki hii. Siku moja watoto wakiisha kulala, bonyeza kitufe cha majaribio hadi ilie kwa nguvu, uone nani ataamka. Usishangae wakubwa wakishtuka na watoto wakaendelea kukoroma. Watafiti wa Australia wamelipima jambo hilo na kuona kwamba watoto wengi hawaamshwi na mlio huo mwembamba. Basi amueni usiku huo huo ni mtu mzima yupi atakayewaendea, nani atambeba mdogo, nani atamshika mkono nyanya, na mtakutana wapi nje mhesabiane. Kisha chukua kalamu ya wino mzito, andika ubavuni mwa kengele mwezi na mwaka uliotia betri, uirudishe darini.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia huduma ya kwanza kwa mtu aliyeungua. Kwaheri kwa leo.